Siku Moja Maishani Mwangu: Kuongoza Wageni Wenye Simu Mkononi, Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshaswali, nimekunywa chai kwa mahamri na mbaazi, na nimeteremka pwani kungoja boti za Mokowe. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kwa miaka 19 nimesikia watu wakisema kwamba sisi twatembea tu na kulipwa. Kutembea ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kumshika mgeni akili yake kwa saa tatu ibaki pale miguu yake ilipo, na kazi hiyo imezidi ugumu tangu kila mgeni aje na simu yenye kamera.

Jana saa tatu nilipokea wageni sita kutoka Nairobi, wafanyakazi wa ofisi moja. Tulisalimiana, nikawahesabu, nikawaomba wasogee ukutani kila wasikiapo punda anakuja, kwa kuwa katika vichochoro vyetu punda ndiye lori.

Tulianzia ngomeni. Miongoni mwao alikuwamo bwana mmoja wa makamo, mpole na mwenye adabu, ambaye ndiye aliyenichosha kuliko wote. Aliniuliza, "Mwalimu, ngome hii ilijengwa lini?" Nikamjibu kwamba ujenzi ulianza mwaka 1813 ukakamilika 1821, na kwamba jengo hili lilikuja kuwa gereza hadi mwaka 1984. Nilipokuwa bado nasema, simu yake ikalia mfukoni. Hakuitoa. Alitupia mfuko jicho tu, kisha akanitazama tena kwa heshima. Muda mfupi baadaye akaniuliza ngome ilijengwa lini. Tulipofika juu, alipokuwa akirekodi video ya bandari, akaniuliza mara ya tatu kwa maneno yale yale, nami nikajibu kwa sauti ile ile, ingawa koo lilikuwa limeshakauka.

Zamani ningedhani ananidharau. Siku hizi najua kwamba mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, Marekani, walionyesha kuwa mlio au mtetemo wa simu peke yake, hata mtu asipoigusa simu, humfanya akosee zaidi katika kazi inayohitaji umakini. Mlio huamsha maswali: ni nani, ataka nini, ni jambo la kazini? Mwaka wangu wa 1813 ulipotelea katika maswali hayo, na bwana yule hakuwa na habari kwamba ameupoteza.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Tulipotoka ngomeni simu yangu ilitetema kwa ujumbe wa mwenye boti ya kesho, nikausoma huku nikitembea na kueleza jinsi mji ulivyogawanyika kati ya Mkomani na Langoni, na nikaupita Msikiti wa Pwani, wa mwaka 1370, bila kuwaonyesha. Niliwarudisha wageni wote sita juani, na aibu ile ilinikaa hadi jioni. Simu nikaizima.

Saa tano hivi, katika kichochoro chembamba, punda wawili wenye mifuko ya saruji walikuja mbele yetu, na kijana aliyewafuata alikuwa akipaza sauti, "Pisha! Pisha!" Bwana yule alikuwa anazungumza na ofisi kwa simu, macho wazi kabisa, uso umewaelekea punda. Nilimvuta mkono wa shati, na mfuko ukamkwaruza bega. Kijana akanigeukia mimi: "Ami, mgeni wako haoni?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington, watafiti waliwahi kumpitisha mchekeshaji aliyepanda baiskeli ya gurudumu moja kando ya njia, na katika makala yao ya mwaka 2010 walieleza kwamba ni robo tu ya waliokuwa wakizungumza kwa simu waliomwona, ilhali kati ya waliotembea peke yao bila simu nusu nzima walimwona. Macho hufanya kazi yake, akili ndiyo isiyopokea.

Nyumba ya kale iliyohifadhiwa ndipo ninapopapenda zaidi, na hapo nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Linda Henkel, wa Chuo Kikuu cha Fairfield, alieleza mwaka 2014 kwamba watu waliopiga picha vitu vizima katika makumbusho walivikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama tu, lakini walipokuza sehemu moja ya kitu katika kamera, kumbukumbu haikupungua. Kwa hiyo huwaomba wageni waziweke simu kwanza. Nawaonyesha boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa chumba, kisha zidaka za ndani, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vyombo vya kaure, na mwishowe kila mmoja achague kipande kimoja akipige picha kwa karibu. Watano walikubali. Bwana yule alipiga ukuta mzima mara nyingi, akatoka uani kujibu ujumbe.

Baada ya adhuhuri saa ziliniponyoka. Nilipeleka kundi jingine Shela, nikarudi miguu imevimba na sauti imepwelea, na sikumbuki nilikula nini.

Usiku nilipoiwasha simu nilikuta picha kutoka kwake, nzuri, yenye mwanga uliotulia: ukuta wa zidaka. "Mwalimu, samahani sana, hivi vijumba vinaitwaje, na vilikuwa vya nini?" Nilikuwa nimevieleza karibu nusu saa. Nikakaa barazani, nikamwandikia tangu mwanzo, polepole, na kabla ya kufika kwenye kaure nikamwomba aikuze picha upande wa juu, autazame mchoro wa chokaa kwanza, ndipo aendelee kusoma.