Kabla ya Karimjee: jinsi uhuru wa Tanganyika ulivyojadiliwa

Mkutano wa Katiba uliofanyika Ukumbi wa Karimjee, hapa Dar es Salaam, ulianza tarehe 27 Machi 1961 na kumalizika tarehe 29. Siku tatu tu. Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliuongoza, na kabla haujafungwa tarehe ya uhuru ilikwisha kujulikana. Nchi nyingine wajumbe wake walifunga safari ya London mara mbili tatu, wakarudi mikono mitupu. Wengi husema huku mambo yalikwenda haraka kwa sababu Nyerere na Gavana Turnbull walielewana. Ni kweli walielewana, lakini sababu kubwa ni kwamba yaliyokuwa magumu yalishamalizwa kabla wajumbe hawajaketi.

Gumu la kwanza lilikuwa nani apige kura, na ampigie nani. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Kisha akapewa kura tatu, na ilikuwa lazima azitumie zote: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Katika Baraza la Kutunga Sheria, Wazungu wapatao elfu 20 wakawa na viti sawa na Waafrika zaidi ya milioni 8. Kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, chama cha Nyerere cha TANU kilikaribia kupasuka kwa kubishania kama kishiriki uchaguzi wa namna hiyo. Kura ikaamua kishiriki, na Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake cha African National Congress (ANC). Waliobaki walipiga hesabu nzuri: ikiwa mpiga kura wa TANU analazimika kumchagua Mwasia na Mzungu, basi TANU ndiyo itakayoamua ni Mwasia gani na Mzungu gani. Mtego uliotegwa kuizuia TANU ukawapeleka Amir Jamal na Derek Bryceson barazani wakiwa upande wake. Kwangu mimi, kura hiyo ya Tabora ina uzito kuliko siku zote tatu za Karimjee.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa ngazi, na hapa ndipo watu huchanganya tarehe. Ukitaka kujua serikali ya mpito ina nguvu kiasi gani, achana na jina lake. Tazama nani anaongoza kikao cha mawaziri, nani ana jeshi, nani anashika fedha.

Julai 1959 mawaziri watano waliochaguliwa waliingia serikalini, lakini maofisa wa Gavana walibaki wengi kuliko wao. Kamati ya Ramage, iliyoundwa kupitia katiba, ikapendekeza Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 71 vya kuchaguliwa: 50 wazi kwa yeyote, 11 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Agosti 1960 TANU ilichukua 70, na 58 kati ya hivyo ilivipata bila kupingwa. Septemba ikaja Serikali ya Madaraka, Nyerere akiwa Waziri Kiongozi. Hata hivyo Gavana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha mawaziri, na Wizara ya Fedha ilikuwa kwa Sir Ernest Vasey, ambaye hakuingia kwa kura.

Kilichobadilika kwa makubaliano ya Karimjee ni hicho kiti cha mwenyekiti. Kuanzia tarehe 1 Mei 1961 Nyerere alikuwa Waziri Mkuu na ndiye aliyeongoza mawaziri wake. Gavana alibaki na ulinzi na mambo ya nje. Hayo ndiyo madaraka ya ndani.

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, yaani Uingereza iliitawala kwa niaba ya Umoja huo, kwa hiyo idhini ya London peke yake haikutosha. Karimjee walikubaliana uhuru uwe tarehe 28 Desemba, na Baraza Kuu huko New York likapitisha kuwa udhamini ukome siku hiyo. Baadaye tarehe ilisogezwa nyuma hadi 9 Desemba, ikabidi azimio jingine lipitishwe Novemba. Bila azimio hilo, bendera ingepandishwa huku udhamini kisheria ukiwa bado hai.

Kilichosumbua zaidi baada ya Machi kilikuwa fedha: fidia ya maofisa wa Kiingereza waliotaka kuondoka mapema, na msaada kwa mpango wa maendeleo wa miaka mitatu wa pauni milioni 24. Reli, posta na sarafu vilikuwa vya Afrika Mashariki nzima, navyo vilihitaji mazungumzo yake.

Jeshi ndilo lililopitiwa juu juu. Kikosi cha King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kilibadilishwa jina kikawa Tanganyika Rifles, makamanda wakabaki Waingereza, na mishahara ya askari ikabaki duni. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mambo hayo mawili. Serikali ililazimika kuomba msaada wa wanajeshi wa Uingereza, nao wakaja kuwanyang'anya silaha siku tano baada ya maasi kuanza. Jeshi hilo likavunjwa, na Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaundwa upya kabisa.