Nilivyojifunza kuandika shairi, hadithi na igizo nikiwa kwenye cherehani hapa Tanga

Mie ni fundi cherehani, nipo Ngamiani, nashona madera, magauni ya harusi na sare za shule, mwaka wa 14 huu. Watu wakisikia naandika wananiuliza nilisomea wapi, sasa leo nieleze yote kama yalivyokuwa maana najua wapo wengi wana daftari limefichwa chini ya godoro na hawajui waanzie wapi.

Nilianza na riwaya. Ya mapenzi, ndefu, niliandika kurasa kama 60 hivi kwa mkono, usiku baada ya kufunga kazi, halafu siku moja nikaketi nikazisoma zote kwa mpigo nikakuta hakuna hata sentensi moja ambayo ningeikumbuka kesho yake. Kila mtu ana huzuni isiyo na kifani, kila machozi yanatiririka njia mbili mbili. Iliniuma sana. Nikaliweka daftari nikakaa miezi sishiki kalamu.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja mteja wangu wa kanzu, mtu wa Pangani, wale washairi wa zamani waliokuwa wanatuma mashairi gazetini na kujibizana humo humo. Alikuja kuchukua kanzu yake ikawa haijaisha, akakaa kwenye kiti cha wateja akaliona daftari. Akasoma kurasa mbili akanambia, mwanangu, wewe maneno unayo ila huyapimi, nguo unapima kwa futi mbona maneno unamwaga tu? Akasema nitungie ubeti mmoja kuhusu hii kazi yako, nikirudi nitausoma.

Nilidhani rahisi. Shairi la kawaida la mishororo minne, yaani mistari minne kila ubeti, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane kabla ya kituo cha katikati na nane baada yake, vina vya kati, yaani silabi za kumalizia, vifanane na vya mwisho vifanane. Mie nikaanza "sindano nimeishika, kitambaa kiko mapajani". Mzee akahesabu kwa vidole taratibu, si-nda-no-ni-me-i-shi-ka, nane, sawa. Ki-ta-mba-a-ki-ko-ma-pa-ja-ni, kumi. Akasema hili guni, yaani shairi ambalo mizani yake haijakaa sawa, ondoa kitu. Nikamwambia kila neno linahitajika mzee wangu, akasema hilo "kiko" linafanya kazi gani hapo? Nikatafuta kazi yake nikaikosa. Nikalitoa, maana ikabaki vile vile na mstari ukasimama wenyewe.

Hicho kitu kilinikaa kichwani kuliko chochote nilichofundishwa shule, yaani neno linaweza kuwa sahihi na bado halina kazi. Na kuhesabu kwenyewe kuna mambo yake, mfano "mtu" ni mizani mbili kwasababu hiyo m inasimama peke yake, lakini kwenye "mbuzi" m haisimami, ni mbu halafu zi. Nilikosea hapo wiki nzima. Ubeti ulipokamilika ukawa hivi:

Sindano nimeishika, kitambaa mapajani,
Uzi nao wakatika, naupitisha tunduni,
Wateja wananicheka, wauliza kuna nini,
Kanzu itakamilika, nipeni hadi jioni.

Mzee aliusoma mara mbili, akauimba mara moja, akaondoka na kanzu yake. Nilifurahi siku tatu.

Baadaye nikajaribu utenzi, lile shairi refu la kusimulia. Huko mizani ni nane tu kila mshororo, mitatu ya mwanzo inafanana kina na wa nne unabeba kina kimoja kuanzia ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho wa utenzi mzima. Mie kwa kutojua nikachagua kina cha -ngu. Wangu, langu, Mungu, uchungu, mbingu, chungu, nikafika ubeti wa 11 nikawa naisukuma hadithi iende upande ambao haitaki kwenda ili tu nipate neno. Nikauacha. Ukitaka kutunga utenzi mrefu chukua kina chenye watu wengi, -ni au -wa au -ya, chagua kabla hujaandika ubeti hata mmoja.

Sasa nikarudi kwenye hadithi, safari hii fupi, kurasa nne tano. Humu ndimo nilipata tabu zaidi na humu ndimo nilipopapenda zaidi. Kwenye cherehani watu wanaongea mbele yako kama haupo. Kuna mama alimleta binti yake kupima gauni la harusi (nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili wasijulikane), mama akasema fundi mkaze hapo kiunoni, huyu mwembamba. Binti akasema polepole, acha kidogo da fundi, nipumue. Mama akanyamaza. Akaangalia barabarani muda mrefu, baiskeli zinapita, mwishowe akasema, haya muachie inchi mbili.

Nikaiandika. Ila mara ya kwanza niliongeza mstari kwamba mama alishtuka kugundua mwanawe ana mimba. Mtoto wa dada yangu, yupo kidato cha tatu, akasoma akanambia, mamdogo huu mstari kwanini umeuweka, mie nilishajua kwenye inchi mbili. Lile neno "kiko" la mzee likanijia pale pale. Nikaufuta, na nikafuta pia mwisho ambao nilikuwa nimeweka nasaha kwa mabinti. Hadithi ikaishia kwenye inchi mbili, na kwakweli ndiyo kazi yangu ya kwanza ambayo naweza kumpa mtu mgeni asome nikiwa nimekaa hapo hapo.

Igizo lilikuja kwa kuombwa. Mwalimu mmoja wa sekondari alitaka igizo fupi la mahafali, nikaandika kwa ujasiri kabisa, kwenye maelezo nikaweka "Asha anamkumbuka marehemu baba yake". Siku ya mazoezi yule binti anayecheza Asha akaniuliza, mama, hapo nafanya nini? Nikakosa jibu. Kwenye hadithi naweza kuingia kichwani mwa mtu nikatoka nitakavyo, jukwaani mtazamaji ana macho na masikio basi. Tukakaa wote tukafikiri, tukaleta koti la mwanaume, Asha analipiga pasi, anafika mfukoni anakuta tiketi ya basi ya zamani, anairudisha humo humo na kuendelea na pasi. Ukumbi ulikaa kimya. Tangu siku hiyo hata kwenye hadithi nikitaka kusema mtu ana huzuni najiuliza kwanza mikono yake inafanya nini.

Nikaanza kumsoma Shaaban Robert kwa jicho lingine. Ni wa kwetu, alizaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali na akaandika kila aina, mashairi, tenzi, insha, riwaya, wasifu wa mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad. Shuleni tulifundishwa majina ya vitabu tukayakariri. Kilichonishika mie ni pale anapoeleza maisha yake mwenyewe kwa nathari, maandishi ya kawaida yasiyo shairi, anafika kwenye kifo cha mkewe Amina, na hapo anaingia kwenye shairi. Nilirudia sehemu hiyo mara nyingi sana usiku. Mtu aliyeijua nathari vile, akaona hapa haitoshi.

Nimeyasema haya kwasababu mama yangu alifariki, na nimejaribu kumuandika kama hadithi mara tatu imekataa, kila nikianza inakuwa ile ile riwaya ya kurasa 60. Mwezi uliopita nikajaribu utenzi, kina cha bahari, hicho kinachorudi mwisho wa kila ubeti, nimechukua -ni. Naimba kwa sauti ya chini nikiwa napiga ovaloki, nikipata ubeti nausimamisha mguu nauandika kwa chaki nyuma ya karatasi ya kukatia, jioni nauhamishia daftarini. Zimefika beti 41 na mama bado ni msichana, hajahamia hata mtaa wa Makorora.