Nilichagua programu ya hifadhidata kwa kusoma mwongozo kwanza

Mimi ni katibu wa kikoba chetu. Hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii, vyote vilikaa kwenye Excel. Mwanachama akibadili namba ya simu, inabidi umsake kwenye karatasi kadhaa, na kila karatasi imeandika jina lake kivyake. Nilitaka jina liandikwe mahali pamoja, mikopo na marejesho yalirejelee hapo. Hiyo ni kazi ya hifadhidata, na kikoba hakikuwa na fungu la kununua Microsoft Access.

MySQL na PostgreSQL ni za bure, na mwongozo wa PostgreSQL ni mzuri sana, lakini zote mbili zinataka seva, yaani programu ya kuhudumia hifadhidata, iwe inafanya kazi muda wote. Kwa laptopu moja ya kikoba, huko ni kukodi lori la kubebea kiroba cha unga. Zikabaki mbili: LibreOffice Base, na SQLite, ambayo huweka hifadhidata nzima kwenye faili moja, ikitumiwa kupitia DB Browser for SQLite, programu ya kuifungulia na kuijazia.

Sikusakinisha kitu kwanza. Nilisoma miongozo nikiwa na swali moja: nikimfuta mwanachama ambaye bado anadaiwa, mkopo wake unakwenda wapi?

Base ina kitabu kizima cha PDF, kina picha za kutosha na kinaanzia mbali kabisa. Swali langu lilijibiwa: kwenye dirisha la mahusiano unachagua mwenyewe, ama programu ikatae kufuta, ama ifute na mikopo yake. Kilichonipunguzia hamu ni Java, programu nyingine ya kusakinisha pembeni. Hifadhidata ya ndani ambayo Base imeizoea inaihitaji, na laptopu yetu ni ya zamani, tayari inahema.

Nyaraka za SQLite unazipakua zote kwa faili moja la zip, unazisoma bila bando. Hazina madoido. Jibu la swali langu lilikuwa wazi mno: SQLite yenyewe, kwa kawaida, haizuii ufutaji huo mpaka uwashe ulinzi huo kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON, na kila unapofungua hifadhidata upya lazima uuwashe tena. Mwongozo unaokwambia jambo kama hilo, tena na sababu yake (kutovuruga programu za zamani), mimi nauamini.

Kuna ukurasa mzima wa vituko vya SQLite, umeandikwa na wenyewe. Na kwenye ukurasa wa aina za data nilikuta onyo kwamba safu ukiitangaza kuwa STRING, SQLite haiihesabu kuwa ya maandishi, inaihesabu kuwa ya namba. Nikajaribu kwenye jedwali la majaribio. Namba ya simu iliyoanza na 07 ikatoka inaanza na 7, sifuri imeliwa! Nikabadili safu kuwa TEXT, sifuri ikabaki. Toleo la 3.37.0 la mwaka 2021 lilileta majedwali ya STRICT, yaani yanayobana aina ya data ya kila safu, ambayo neno STRING hayalikubali kabisa. Majedwali yetu yote sasa ni ya STRICT.

Hapo nikaamua SQLite. Mhazini hakufurahi sana, alitaka fomu nzuri za kujazia, na DB Browser haina; unajaza kwenye jedwali lenyewe, mstari kwa mstari. Anayejaza akiwa mgeni wa kompyuta, ningemshauri achukue Base na avumilie Java yake. Sisi tunaojaza ni wawili tu, tumezoea.

Mama mwenyekiti hagusi hifadhidata. Namtolea orodha ya wadaiwa kwa CSV, faili la maandishi matupu lenye data za jedwali, anaifungua kwenye Excel yake kama zamani. Kikao kikiisha nafunga programu, nanakili lile faili moja kwenye flashi, na flashi inaondoka na mhazini.