Karanga za mvua: jembe liwahi, kisha litulie

Ukilima karanga kwa kutegemea mvua, iwe Ndhiwa, Busia au Siaya, pesa ya kibarua wa palizi hurudi ikitumika ndani ya wiki sita za kwanza. Baada ya hapo, jembe huharibu zaidi ya linavyookoa.

Palizi nafuu kuliko zote ni ile ya kabla ya kupanda. Lima mapema na ulainishe udongo. Mvua za Machi zikishika, acha magugu yaote kwa siku 7 hadi 14, kisha yaparue siku ya jua, sentimita 3 hadi 5 tu. Ukichimba kwa kina unaleta juu mbegu nyingine za magugu zilizolala chini. Mvua zikichelewa, ruka hatua hii upande mara moja, kwa sababu karanga za kuchelewa ndizo hushikwa sana na rozeti, ugonjwa unaoenezwa na vidukari.

Panda kwa mistari: sentimita 45 kati ya mstari na mstari, 10 hadi 15 kati ya mbegu. Mapengo yazibe mapema, la sivyo magugu yatayaziba.

Palizi ya kwanza ni wiki mbili hadi tatu baada ya kuota. Ya pili iishe kabla ya wiki ya sita. Chungulia chini ya majani: ua likishachavushwa hutoa kikonyo chembamba kinachoinama na kuchoma udongo, na ncha yake ndiyo hugeuka ganda la karanga. Ukishaviona vikonyo, weka jembe chini. Gugu lililobaki ling'olewe kwa mkono, ukiibana ardhi karibu na shina la gugu.

Kongwa, gugu linalotambaa, usiiache shambani udongo ukiwa mbichi. Kila kifundo kilichokatwa huota mizizi. Itoe nje. Ndago nayo hufanana na nyasi, ila ukiviringisha shina lake kati ya vidole utahisi pembe tatu. Ni muhimu kuitambua, maana dawa za kuua nyasi ndani ya karanga, kama zenye fluazifop, haziigusi, na wengi wamepoteza pesa hapo.

Dawa za kabla ya kuota, zenye pendimethalin au S-metolachlor, zinahitaji udongo wenye unyevu, na gugu lililokwisha kuota haziliui. Pima pampu kwanza: nyunyiza maji matupu kwenye mita 10 kwa 10. Yakiisha lita 2, ekari itataka lita 80 hivi, yaani pampu nne za lita 20. Kipimo cha ekari kilichoandikwa kwenye chupa kigawe kwa nne. Pampu iliyobeba 2,4-D, dawa ya magugu kwenye mahindi, isiingie kwenye karanga wala alizeti. Mabaki kidogo tu hupinda majani.

Kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, haishambulii karanga. Mizizi ya karanga huchochea mbegu za kayongo kuota kisha zikafa kwa kukosa mahindi ya kunyonya, kwa hiyo msimu unaofuata panda mahindi hapo hapo.