Maskini aliyeuokoa mji, Mhubiri 9:13-16

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Mhubiri 9, pale kwenye habari ya mji mdogo uliozingirwa na mfalme mkubwa, akatokea maskini mmoja mwenye hekima akauokoa, halafu watu wakamsahau kabisa. Nikamuwaza Haym Salomon.

Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Leszno huko Poland, akaishia New York wakati Wamarekani wanapigania uhuru wao. 1776 Waingereza wakamkamata kwa ujasusi, wakaona anajua Kijerumani wakamfanya mkalimani wa askari wa kukodi kutoka Ujerumani, kumbe huku nyuma anawashawishi hao hao watoroke jeshini! 1778 ikabidi akimbilie Philadelphia, mke na mtoto mchanga wakabaki New York.

Kazi yake ilikuwa udalali wa hati za fedha. Ufaransa ilikuwa inawakopesha Wamarekani lakini hela yenyewe iko Ulaya na askari wana shida huku, sasa Salomon anawatafuta wafanyabiashara wenye malipo ya kufanya Ulaya, anawauzia hati za kuchukulia hela Ufaransa, wao wanatoa keshi pale pale Philadelphia na serikali inapata cha kutumia. Robert Morris, msimamizi wa fedha kuanzia 1781, anamtaja mara nyingi kwenye shajara yake. Sisemi vita vilibebwa na yeye peke yake, hapana, Ufaransa ilitoa nyingi sana.

Ila kinachonigusa ni habari ya James Madison, yule aliyekuja kuwa rais wa nne. 1782 alikuwa mjumbe wa Kongresi, yaani bunge la Wamarekani, amekwama, hela ya kujikimu haijafika kutoka Virginia na wakopeshaji wanataka riba ya kuua. Akamwandikia rafiki yake kwamba kuna huyu bwana wa Front Street, karibu na nyumba ya kahawa, ndiye Salomon, anamsaidia, na kila akienda anaona aibu kwa sababu jamaa anakataa katakata kulipwa chochote. Nikasoma Mithali 19:17 tena, amhurumiaye maskini humkopesha Bwana, nikanyamaza.

Na jimbo la Pennsylvania, ulipo huo mji wa Philadelphia, lilikuwa linamtaka mbunge aape kwamba Agano Jipya nalo ni neno la Mungu, yaani Myahudi hawezi kuwa mbunge. Salomon na wenzake wakaandika kuomba iondolewe, ikaja kuondolewa 1790 yeye ameshafariki, tarehe 6 Januari 1785. Aliacha hati za serikali zilizoandikwa zaidi ya dola 350,000 lakini thamani ilishashuka mno, hazikutosha hata kulipa madeni yake. Mjane Rachel akabaki na watoto, familia ikaja kuiomba Kongresi miaka na miaka na haikulipwa.

Sasa wapendwa, zile meseji za kwamba Wayahudi ndio wanaofadhili vita vyote duniani wapate faida, zinapita mpaka kwenye magroup yetu ya maombi na mtu anamalizia na amina. Inaniuma kweli. Bwana wetu ni Myahudi, na Kutoka 20:16 inatukataza kumshuhudia jirani uongo, haikuweka jirani wa kabila gani.

Kwa hiyo ikikufikia usiifowadi, na uliyemtumia mrudie umwambie siyo kweli. Jumatano tutasoma Mhubiri 9 yote, mje na Biblia.