Jinsi tulivyopata kanuni za kundi letu la zabibu

Orodha ya kwanza ya kanuni niliiandika peke yangu, usiku mmoja wa mwaka 2021, nyumbani Mpunguzi, Dodoma. Kundi letu la WhatsApp la wakulima wa zabibu lilikuwa limefika watu 60 na kitu, wengi wa Mpunguzi, Mbabala na Matumbulu, wachache wa Hombolo, na lilikuwa limeanza kuelemewa. Maua ya "asubuhi njema", video za mahubiri, picha za ajali, tangazo la mtu anayetibu kila ugonjwa. Kanuni zilikuwa 18. Nilizichukua kwenye kundi la watu wengine, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikazibandika. Kila moja ilianza na "ni marufuku". Kesho yake alfajiri maua yakaja kama kawaida. Aliyeyatuma hakuwa mkaidi, hakuwa amezisoma tu. Mtu aliyeingia shambani tangu saa kumi na mbili, mwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, hawezi kusoma masharti 18 ndipo aulize kuhusu majani yake.

Nikajaribu vitisho. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kifungu chake cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa za uongo huku akijua ni za uongo. Nikakibandika, nikaongeza kwamba kila mtu ajiangalie. Kundi likawa kimya kama maji mtungini. Nikaona nimefaulu. Wiki mbili baadaye mama mmoja alinikuta kisimani akaniambia, "Mwanangu, zabibu zangu zina unga mweupe. Nilitaka kuuliza kule kwenye simu, nikaogopa nisije nikakosea nikapelekwa polisi." Ule unga ulikuwa ubwiri, ugonjwa wa ukungu, na ubwiri haungojei mtu apate ujasiri. Alikuwa amepoteza siku kumi kwa sababu yangu. Nilikifuta kile kifungu siku hiyohiyo. Bado naamini watu waijue sheria, ila admini anayeishika kama fimbo huwanyamazisha kwanza wale waoga, na waoga ndio wenye maswali.

Kanuni yetu ya kwanza ya kweli ilitokana na hasara. Huku Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu wa kuvuna ndio msimu wa maneno. Mtu mmoja tuliyemjua kwa namba tu aliandika kwamba mnunuzi analeta lori Ijumaa, bei nzuri kuliko tuliyoizoea, watu wakate mapema wakae tayari. Watu wakakata. Zabibu si embe wala ndizi: ukishaikata haiendelei kuiva, na kwenye jua letu hainyauki polepole, inalegea. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, namba ya yule mtu haipatikani. Waliokuwa karibu na wakamuaji wakaenda kukamua mchuzi wa zabibu na kuuza kwa bei ya kutupa. Waliokuwa mbali walimwaga. Nakumbuka mzee mmoja amekaa juu ya kreti tupu, hasemi kitu.

Baada ya hapo tulikutana ana kwa ana, chini ya mti, watu kama 30. Sikwenda na orodha. Niliuliza swali moja: ujumbe ule ungekuwa na nini ndani yake, mngegundua kwamba ni uongo? Majibu yakatoka kwa wenyewe. Ungesema mnunuzi ni nani. Ungesema analipa taslimu au anakopa. Ungesema lori liko wapi sasa hivi na nani kati yetu ameliona. Tukakubaliana kwamba ujumbe wa bei usio na majibu hayo unaondolewa, hata aliyeuandika awe mjomba wa admini, na kwamba hakuna kukata mpaka mmoja wetu aseme ameliona lori kwa macho yake. Kanuni hiyo haikuhitaji kubandikwa tena. Mpaka leo mtu akiandika bei bila maelezo, kabla sijafungua simu wenzake wameshamuuliza, "Lori umeliona?"

Zile 18 nikaziacha zife.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Ilikuwa kipindi cha joto, Oktoba. Jirani yangu mmoja, mkulima mzuri na rafiki wa familia, aliandika ushauri wa kupiga salfa dhidi ya ubwiri. Akasema ipigwe mchana, jua likiwa juu, ndipo ikauke haraka. Mara akajibu kijana mmoja wa Matumbulu, kwa maneno makali. Alimwita jirani yangu mjinga, akasema anaua mashamba ya watu. Ulikuwa usiku, nimechoka, na aliyetukanwa ni mtu ninayekula naye. Tulikuwa na makubaliano kwamba tusi halivumiliwi. Nikamtoa yule kijana bila kumwambia neno. Watu wakaweka stika za kunipongeza.

Kijana alikuwa sahihi. Salfa ikipigwa kwenye joto kali huunguza majani; hupigwa asubuhi na mapema au jioni jua likishapoa. Wakulima wawili waliufuata ule ushauri wa mchana. Nilikwenda kuyaona mashamba yao: majani yamebabuka kingo, mengine yamekauka kama yamepitiwa na moto. Tulipomwita bwana shamba akauliza swali moja tu, mmepiga saa ngapi.

Nilimpigia kijana simu, hakupokea. Nikapanda bodaboda hadi Matumbulu, nikamkuta anafunga mizabibu. Nilimwambia, "Kaka, nimekuja kuomba radhi. Ulichosema kilikuwa kweli nami nikakizima." Alinyamaza kidogo, kisha akasema lugha yake haikuwa nzuri, lakini kwamba alikuwa ameshaandika mara mbili kwa upole wiki iliyotangulia na hakuna aliyemjibu. Nilirudi nikatafuta. Kweli, jumbe zake mbili zilikuwepo, katikati ya maua na mahubiri.

Kwa kuwa nilimtoa mbele ya watu wote, niliomba radhi mbele ya watu wote, kwa sauti yangu, si kwa maandishi. Na tukabadilisha namna ya kufanya kazi. Tangu siku ile tunalitenga tusi na hoja. Mtu akiandika jambo la maana kwa maneno machafu, ujumbe unafutwa, lakini admini anamfuata pembeni palepale na kumwambia, "Hoja yako tunaihitaji, iandike upya bila lile neno." Mara nyingi anaiandika ndani ya dakika tano, na sasa inasomeka vizuri zaidi. Akikataa, admini mwenyewe anaiweka hoja kwa maneno yake: kuna mwenzetu anasema salfa isipigwe mchana, wenye uzoefu mnasemaje? Pia kila anayeshauri dawa lazima aweke picha ya lebo na aseme saa ya kupiga. Tukiwa na shaka tunampigia bwana shamba, au anayepata nafasi anafika kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) pale Makutupora, ambako zabibu ndiyo kazi yao.

Kitu kingine nilichojifunza hapo ni kwamba admini hahukumu jambo la mtu wake. Tuko watatu sasa: mimi, mama mmoja, na mzee mmoja anayeheshimika. Jambo likimhusu jirani yangu, mimi nakaa pembeni. Mzee ana kazi yake maalumu pia, kwa sababu kuna watu ambao kijana kama mimi hawezi kuwakosoa bila kuvunja heshima. Mtu wa makamo ya baba yangu akituma uvumi wenye ile mishale miwili, alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi, mimi naanza na shikamoo na kuishia hapo. Mzee anampigia, wanaongea habari za ng'ombe, za mvua, na mwishoni lile suala linaguswa kwa sentensi moja. Linatosha.

Utani ndio uliotusumbua kuliko yote, na sijui kama kila msomaji atakubaliana nami hapa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, watu wa kila kabila wamekuja, na baadhi wamenunua mashamba ya zabibu. Kundi letu likawa na wenyeji Wagogo na wageni wengi. Siku moja mgeni mmoja, mcheshi, anayependwa, aliandika kichekesho kuhusu Wagogo na kuombaomba. Vicheko vikajaa. Katikati ya vicheko ikatokea ile mistari ya kijivu: fulani amejitoa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima wa Mbabala, mwenye shamba zuri kuliko yangu.

Nilimpigia nikidhani kabonyeza kwa bahati mbaya. Akasema, "Mwanangu, mimi si mtani wake."

Sentensi ile niliitafakari siku nzima, kwa sababu ina sheria yote ndani yake. Utani wetu wa jadi una mipaka inayojulikana. Mtani anajulikana ni nani, kabila gani na kabila gani. Anakutania, na ana wajibu kwako: ukifiwa yeye ndiye wa kuja kufanya vituko msibani, kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na pia kukubebea yale mazito usiyoyaweza siku hiyo. Nawe una haki ya kumrudishia. Uso wake unauona, sauti yake unaisikia. Kwenye simu hayo yote hayapo. Yanabaki maneno makavu, yanasomwa na watu 200 ambao wengi wao hawana utani wowote na aliyeandika, na hakuna msiba ambao atakuja kuwabebea.

Nilipoyasema hayo kwenye kundi, wengine walipinga kwa nguvu. Walisema naua utamaduni, kwamba Mtanzania bila utani si Mtanzania. Niliwaelewa, kwa sababu utani umetusaidia kukaa pamoja makabila zaidi ya 120 bila kuchukiana. Ila sikurudi nyuma. Tuliuacha utani mlangoni: kwenye kundi hautajwi kwa kabila la mtu, kwenye gulio na msibani endeleeni. Watu wanne walijitoa kwa hasira. Yule mcheshi mwenyewe hakujitoa. Alienda Mbabala kwa miguu yake, akaketi kwa yule mama, na alichomwambia sikukiuliza.

Mengine yalikuwa mepesi. Linki ya kujiunga iliyokuwa ikizunguka huko na huko tuliifuta, baada ya wanachama wetu kuanza kupokea zile jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii" na mmoja kumlipa mapema muuzaji wa dawa ambaye hakuwahi kuonekana. Sasa anayeingia anatajwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo anaandika, "Huyu namfahamu, shamba lake liko mahali fulani." Usiku kuanzia saa nne tunalifunga kundi, maadmini tu ndio wanaweza kuandika, kwa sababu simu nyingi zinashirikiwa na watoto wanaosoma. Video hazitumwi kama picha inatosha, maana bando ni hela. Maua ya asubuhi? Tumeyaacha Ijumaa na Jumapili. Yana watu wanaoyapenda kwa moyo, na siku mbili kwa wiki hazituumizi.

Ilitusaidia pia kwamba mwaka 2022 WhatsApp iliwapa maadmini uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanachama. Kabla ya hapo tulikuwa tunambembeleza mtu afute mwenyewe, na akiwa amelala uvumi unatembea. Lakini kila nikifuta naandika sababu kwa sentensi moja bila kutaja jina: nimefuta ujumbe wa bei, haukutaja mnunuzi. Ukifuta kimyakimya watu hujaza sababu zao wenyewe. Anayerudia mara tatu anapumzishwa mpaka mavuno yajayo, kisha anarudi bila kuombwa hotuba. Kumtoa mtu asirudi tena tumefanya mara mbili tu, wote wawili ni matapeli.

Yule mama wa Mbabala alikaa nje miezi saba. Sikumwongeza kwa nguvu. Nilimpelekea habari za kundi kila nilipopita kwake, basi. Msimu uliopita akaniambia nimrudishe. Siku tatu akasoma tu. Ya nne akaandika, na kwa kuwa alianza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wenyeji waliitikia kwa wingi hata nikalazimika kupandisha juu nisome kilichofuata. Alikuwa ametaja jina la mnunuzi, kijiji anachopimia, malipo taslimu, kesho saa mbili asubuhi. Chini yake ameweka picha ya lori limeegeshwa karibu na mbuyu, na maneno matatu: "Nimeliona kwa macho."