Damu ya sato ikiwa na rangi ya chokoleti: ninavyopima naitraiti na kukokotoa chumvi

Sato akitweta juu ya maji alfajiri, mara nyingi oksijeni imepungua. Akitweta saa nane mchana huku mita ikisoma oksijeni ya kutosha, miligramu 6 kwa lita, huyo namtoa damu kwanza.

Samaki namlegeza kwa mafuta ya karafuu. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo nayachanganya na ethanoli, sehemu moja kwa tisa, kisha natia nusu mililita ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji. Samaki akilegea, nachoma sindano ya mililita 2 iliyosuuzwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nyuma ya pezi la mkundu, toka chini kwenda juu hadi ncha iguse uti wa mgongo, narudisha kidogo na kuvuta taratibu.

Tone moja kwenye karatasi nyeupe linatosha. Damu ya samaki mwenye afya huiva nyekundu ikipata hewa. Yenye sumu ya naitraiti, inayotokana na amonia ya bwawani, hubaki kahawia. Usitumie samaki aliyekufa, damu yake hupiga weusi hata bila sumu. Naitraiti hupita kwenye matamvua na kuharibu chuma cha himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, isiibebe tena. Ndiyo maana hata kambare, anayevuta hewa juu ya maji, hasalimiki.

Dawa ni chumvi ya kawaida. Haiondoi naitraiti majini: kloraidi iliyo ndani ya chumvi hugombania na naitraiti mlango uleule wa matamvua. Nalenga kloraidi mara kumi ya naitraiti. Bwawa la mita 20 kwa 10, kina mita 1, lina mita za ujazo 200. Naitraiti ikiwa miligramu 2 kwa lita, natakiwa kuwa na kloraidi 20. Maji yakiwa tayari na 5, zinapungua 15. Hiyo ni kilo 3 za kloraidi, na kwa kuwa chumvi ina kloraidi asilimia 60 hivi, napima kilo 5. Naiyeyusha kwenye ndoo na kumwaga kuzunguka bwawa lote.

Wengi huharibikiwa kwenye kipimo. Vifaa vingine husoma nitrojeni ya naitraiti, si naitraiti yenyewe. Soma maelezo, na kama ndivyo, zidisha kwa 3.3. Ukiruka hapo, chumvi yako haifiki hata theluthi ya inayotakiwa, kisha utasema chumvi haifanyi kazi.

Chakula nakisimamisha siku hiyohiyo, maana ndicho chanzo: mabaki hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti hukimbia kuliko wanaoimalizia kuwa naitreti, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Kipuliza hewa kinawaka usiku kucha, ili himoglobini iliyosalia ipate oksijeni. Sivuti nyavu wala kuhamisha samaki. Purukushani kidogo tu huwaua. Kwa kawaida damu hurudi nyekundu ndani ya saa 24 hadi 48. Isiporudi, napima kloraidi upya kabla ya kuongeza chumvi, hasa kama mvua imenyesha au bwawa limefunguliwa maji mapya.